Kumfundisha mtoto mdogo kushika agizo, kuanzia mwaka mmoja hadi mitatu

Agizo linalopigiwa kelele kutoka jikoni kwenda ukumbini, kwa mtoto wa miezi 20 aliyeinamia vifuu vyake, kwa kawaida halimfikii. Anasikia sauti ya mama, lakini hajui kama anaambiwa yeye, na katika maneno yote amekamata moja au mawili. Mama anarudia kwa sauti ya juu zaidi, mara ya tatu, mara ya nne, mwisho anatoka jikoni amekasirika. Siku zikienda hivyo, mtoto anajifunza jambo ambalo hakuna aliyekusudia kumfunza: maneno ya mwanzo hayana kazi, cha kushughulikia ni nyayo za mama zinapokaribia.

Kushika agizo ni ujuzi unaofundishwa kwa hatua. Sehemu kubwa ya kazi iko kwa mtu mzima, yaani namna anavyosema, na kama yuko tayari kuinuka baada ya kusema.

Anaweza nini, kwa umri gani

Karibu na miezi 15 mtoto hufuata agizo likiambatana na ishara. Unanyoosha mkono, unasema "nipe kikombe", anakupa. Kufikia miezi 18 anafuata agizo moja bila ishara. Maagizo mawili yanayofuatana, kama "weka kikombe, kisha funga mlango", yanakuja karibu na miaka miwili na nusu. Kwa hiyo mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 akiambiwa "vua ndara, nawa mikono, uje ukae mkekani", atafanya moja na mengine yatampotea. Huo si ukaidi.

Kuna jambo jingine linalowapoteza wazazi wengi. Kuelewa agizo na kuweza kujizuia ni vitu viwili mbalimbali, na cha pili kinachelewa sana. Mtoto wa miaka 2 anaweza kusema mwenyewe "usiguse, moto" huku mkono wake unakwenda kugusa. Maneno anayajua, ila mkono bado haujaanza kumtii. Ukilijua hili utapunguza hasira, na utapanga nyumba yako kwa namna nyingine.

Kwanza masikio

Mtoto asiyeshika maagizo huenda hasikii vizuri, na hili lichunguzwe kabla ya lawama yoyote. Mafua yanayojirudia yanaweza kuacha majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Sauti zinamfikia zimefifia, siku moja anasikia, siku nyingine hasikii, na watu wa nyumbani wanadhani anachagua la kusikia. Sikio linalotoa usaha, surua na homa ya uti wa mgongo navyo vinaweza kupunguza usikivu.

Jaribio la nyumbani ni jepesi. Akiwa ametulia, televisheni imezimwa, simama nyuma yake kwa umbali wa hatua 2 au 3, pahala ambapo hakuoni wala kivuli chako hakimfikii. Mwite jina kwa sauti ya kawaida. Baadaye mnong'oneze. Baadaye tena gonga kijiko kwenye bilauri taratibu. Rudia siku nyingine, kwa saa nyingine. Asipogeuka, au akigeuka kwa sauti moja tu na nyingine zikampita kila mara, mpeleke kituo cha afya na uombe rufaa; kwa Unguja iko hospitali ya Mnazi Mmoja, kwa Pemba iko Abdalla Mzee, Mkoani. Kugeuka peke yake hakuthibitishi kuwa masikio ni mazima, kwa hiyo ukiwa na shaka nenda tu. Mpeleke vilevile mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina, wa miezi 18 asiyefuata hata agizo moja lisilo na ishara, na yule aliyekuwa na maneno kisha yakapotea. Majirani watakwambia atakua tu. Wengine hukua kweli, lakini kwa mwenye tatizo la masikio miezi ya kungojea ni miezi ya lugha inayopotea.

Namna ya kulitoa agizo

Nenda alipo. Chuchumaa mpaka macho yenu yalingane, umbali wa mkono mmoja. Kama kuna katuni au simu mbele yake, zima kwanza; hakuna mtoto wa umri huu anayeweza kuangalia picha na kukusikiliza kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa mwaka 1 asikae mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku.

Mwite jina mara moja, kisha subiri aitike. Kama kwenu watoto wanafundishwa kuitikia "naam", "labeka" au "bee", hapa ndipo pa kuanzia, kwa sababu itikio ndilo linalokuonesha kwamba akili imetoka kwenye vifuu na imekuja kwako. Asiyeweza kutamka ataitika kwa macho, inatosha. Usimshike kidevu kumgeuza. Atahangaika na mkono wako badala ya maneno yako.

Agizo lenyewe liwe la maneno 2 hadi 4. "Lete ndara." "Kaa mkekani." Lugha yetu inaweza kupakia mambo mengi ndani ya neno moja, na mtu mzima hayahisi. "Hebu nenda kamchukulie bibi yako kile kitambaa alichokiacha pale" ina pa kwenda, cha kuchukua, wa kumchukulia, na habari ya nani alikiacha wapi. Kwa mtoto wa miezi 18 sema "lete kitambaa". Akishakileta, muoneshe bibi kwa kidole: "mpe bibi."

Liseme kama agizo. "Utakuja kuoga?" ni swali, na jibu la mtoto wa miaka 2 ni "sitaki", tena kwa haki yake maana ameulizwa. Sema "njoo tuoge". Adabu haipotei hapo. "Lete ndara, baba, tafadhali" ni agizo na ni adabu, na yeye ataitoa adabu hiyo hiyo kwa wengine.

Kisha nyamaza. Hapa ndipo watu wazima wanapoanguka zaidi kuliko popote. Hesabu moyoni hadi 5, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 2 nenda hadi 10. Ana kazi ya kusikia, kupata maana, kuacha alichoshika, na kugeuza mwili, na kila moja ina muda wake. Ukirudia maneno akiwa katikati ya kazi hiyo, anaanza upya. Ukirudia kwa maneno tofauti, ni agizo jipya kabisa kwake.

Muda ukipita bila kitu, sema mara ya pili kwa maneno yale yale, ukiongeza ishara ya kidole. Hesabu tena. Asipofanya, hakuna mara ya tatu ya mdomo. Mshike mkono kwa upole, nenda naye mpaka kwenye ndara, mwekee mkono wake juu ya ndara hizo, zileteni pamoja. Uso wako uwe wa kawaida, kwa sababu unamuonesha namna, humuadhibu. Akifika nazo, mshukuru sawasawa na vile angezileta peke yake.

Shukrani itaje alichokifanya, na ije papo hapo: "Umeleta ndara. Ahsante, mama." Neno "hodari" peke yake linamfurahisha lakini halimwambii ni kipi kilichopendeza. Pipi na biskuti ziweke mbali na mafunzo haya. Mtoto aliyezoeshwa kulipwa ataangalia mkono wako kabla ya kuinuka, na siku mkono ukiwa mtupu hatainuka.

Kanuni inayobeba yote haya ni hii: usitamke agizo kama huwezi kuinuka kulikamilisha. Mikono ikiwa imejaa unga wa chapati, ngoja, au muache aendelee na mchezo wake. Maagizo 6 kwa siku yanayotimizwa yote yatamfunza zaidi ya 40 yanayopeperuka.

Kumtuma

Nyumba za Unguja na Pemba zina desturi nzuri ya kumtuma mtoto tangu mdogo, na hakuna zoezi linaloshinda hili. Tatizo ni kwamba mara nyingi tunaanzia juu. Tunamtuma kitu kilichoko chumba kingine wakati bado hajaweza kilichoko mbele yake.

Chagua vitu visivyovunjika, visivyomwagika, na ambavyo mikono yake inavitosha: kawa (kile kifuniko cha chakula cha ukindu), upepeo wa ukindu, kofia ya babu, ndara, mwiko mdogo, kanga iliyokunjwa. Kawa ni bora kwa kuanzia, ni nyepesi, ni kubwa ya kuonekana, na ina mahali pake panapojulikana.

Anza na kitu kimoja kikiwa mbele yake. Nyoosha mkono, sema "nipe kawa". Akizoea, sema bila kunyoosha mkono. Kisha weka vitu viwili sambamba, kawa na kofia, umuombe kimoja. Badilisha nafasi zake kila mara, vinginevyo atajifunza kuchukua cha mkono wa kulia tu na wewe utadhani anajua majina. Akichukua kisicho, usimzomee. Kipokee, kitaje: "hii kofia." Muoneshe kile kingine: "kawa ile pale. Nipe kawa."

Baadaye kitu kiwe upande wa pili wa chumba, anakiona. Baada ya hapo ndipo kiwe chumba kingine, na hapa jiandae, maana wengi hupotea njiani. Anakutana na paka, anakuta mpira, agizo linatoka kichwani. Kumbukumbu ya umri huu ni fupi. Mfuate kwa nyuma hatua chache, na akisimama muulize kwa upole, "Unaleta nini?" Mara nyingi swali hilo linamrudisha njiani. Asipokumbuka, mtajie kitu peke yake: "kawa."

Kupeleka kitu kwa mtu ni hatua ngumu zaidi kuliko kuleta, kwa sababu anaondoka kwako wewe uliyempa agizo. "Mpelekee babu kofia." Mwambie babu mapema. Aliye barazani amezama katika mazungumzo, akamuacha mtoto amesimama na kofia mkononi bila kumuangalia, ameharibu kazi ya siku nzima. Aipokee, amtazame, aseme ahsante.

Dakika 5 zinatosha kwa mara moja, mara mbili kwa siku, akiwa ameshiba na hana usingizi. Panda ngazi anapofanikiwa mara 4 kati ya 5 bila msaada. Akikosea mara 2 mfululizo shuka hatua moja, apate jepesi analoliweza, kisha mwache acheze.

Kuokota vitu vya kuchezea kunafuata njia hiyo hiyo. "Panga vitu vyako" ni agizo kubwa mno kwake, hajui lianzie wapi. Leta kikapu, tia kifuu kimoja wewe mwenyewe, sema "tia kifuu kikapuni". Fanya naye mpaka mwisho. Ukiondoka katikati ataondoka pia.

Mwambie la kufanya

Katika "usikimbie", kinachomkaa mtoto sikioni ni kukimbia, na hata akilisikia lile katazo bado hajaambiwa afanye nini na miguu yake. Mpe tendo. Badala ya usikimbie, "tembea". Badala ya usimwage, "shika kwa mikono miwili". Badala ya usipande, "shuka", huku ukimsaidia. Anayepiga kelele mtoto mchanga akiwa amelala, mwambie "sema polepole" kwa sauti hiyo hiyo ya chini unayoitaka, kwani ataiga sauti yako kabla ya maneno yako.

Neno "hapana" liwekee akiba kwa mambo ya hatari. Likitumika kwa kila kijiko na kila mto, linakuwa sehemu ya makelele ya nyumba.

Na hatari zenyewe zisiachiwe agizo. Mtoto wa chini ya miaka 3 hawezi kutegemewa kujizuia, hata awe msikivu namna gani. Seredani, yaani jiko la makaa, ikiwa na moto iwe mahali asipofika, isiwe chini uani anapocheza. Mbuzi ya kukunia nazi ikunjwe na kuwekwa juu mara tu kazi ikiisha. Kisima kifunikwe kwa kifuniko asichoweza kukisogeza. Ndoo zenye maji zifunikwe au zimwagwe, kwa sababu mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache, kimya kimya, bila hata kupiga mikono.

Fundisha neno moja la kusimamisha, "simama!", na lifundishwe kwa mchezo. Tembeeni uani mmeshikana mikono. Sema "tembea", mwende. Sema "simama", wewe usimame palepale, naye mkono utamsimamisha. Mfanye mara 8 au 10 huku mnacheka. Siku nyingine mwachie mkono. Siku nyingine sema ukiwa hatua 3 nyuma yake. Neno hili lisitumike kwa jambo dogo lolote, na lisisemwe kwa utani nje ya mchezo. Hata akiliweza vizuri, katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako vespa na baiskeli zinatokea ghafla kwenye kona, mkono wake usiuachie.

Kumtoa kwenye mchezo

Maagizo yanayokataliwa zaidi ni yale yanayomtaka aache kitu kitamu. Kumwambia "bado dakika 5" hakumsaidii, hajui dakika. Mpe alama anayoiona au kuisikia: "Jaza kikombe hiki cha mchanga, kisha tunaoga." Akikijaza, inuka hapo hapo. Ukimruhusu cha pili na cha tatu, alama imekufa.

Adhana ni alama bora tuliyonayo. Inasikika nyumba nzima, haitoki kinywani mwa mama, na huku kwetu jua linazama karibu saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, likipishana kwa robo saa hivi. Nyumba ambayo kila siku watoto wanaingizwa ndani ikiadhiniwa Magharibi, mtoto wa miaka 2 huanza kuelekea mlangoni mwenyewe. Muandae kidogo kabla: "Ikiadhini tunaingia." Kisha ingieni kila siku, hata siku ambayo mgeni yuko barazani na mazungumzo ni matamu.

Pahala panaporuhusu, mpe uchaguzi wa vitu viwili, vyote unavyovikubali: "shati jekundu au la buluu?" Anayechagua shati huwa ameshakubali kuvaa.

Akisema sitaki

Kwanza jiulize kama anaweza. Je, agizo ni refu, kitu hakioni, ana njaa, ana usingizi? Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana, na aliyekosa usingizi huo hafundishiki jioni. Kama anaweza na hataki, rudi kwenye utaratibu ule ule: mara ya pili kwa ishara, kisha mkono. Akijitupa chini na kulia, kaa karibu, hakikisha hajiumizi, usiongeze maneno. Kilio kikipungua, mpe agizo lile lile kwa udogo. Kama zilikuwa ndara mbili, alete moja, nyingine lete wewe. Kinachotafutwa ni agizo lisife kwa sababu ya kilio.

Kofi linaonekana kufanya kazi kwa sababu mtoto anasimama papo hapo. Anasimama kwa mshtuko, na kinachobaki kichwani ni mkono uliompiga; agizo limefutika. Wiki moja baadaye unahitaji kofi kubwa zaidi kwa jambo lile lile. Vitisho navyo viachwe. Aliyeambiwa kila siku "daktari atakupiga sindano" au "zimwi litakuja" atakulilia siku ya chanjo na hatataka kulala peke yake, na ukweli wa maneno yako utapungua, kwani zimwi halikuja.

Nyumba yenye bibi, shangazi, dada na kaka wakubwa ina utajiri wake, ila mtoto mmoja anaweza kupewa maagizo matatu kwa wakati mmoja na watu watatu. Kubalianeni mambo mawili. Neno liwe moja; kama mama anasema "kaa", bibi asiseme "tulia" kwa jambo lile lile. Na aliyetoa agizo ndiye analimaliza, wengine wanyamaze. Bibi akimhurumia na kumletea ndara mwenyewe, mwombeni kwa heshima amsaidie kwa kumshika mkono, ili apate huruma yake na mtoto apate zoezi lake.

Ramadhani hupindua ratiba. Watoto hukesha na wakubwa, usingizi wa mchana unahama, na anayewalea amefunga. Punguzeni maagizo yabaki yale ya lazima, zoezi la kutuma lihamie asubuhi wakati nguvu bado zipo, na msianze hatua mpya mpaka baada ya sikukuu.

Akikaribia miaka 3 anza kuunganisha mawili. Yahusiane kwanza: "chukua kofia, mpe babu." Akiyaweza, jaribu yasiyohusiana: "weka kikombe, kisha lete kanga." Mwambie ayarudie kwa mdomo wake kabla ya kuondoka. Akifanya la kwanza akasimama akikutazama, usimtajie la pili mara moja. Hesabu hadi 5, kisha muulize, "Na nini tena?"